Kabla ya Kufukia Bomba la Maji Moto

Hotuba hii ilitolewa Kampala mbele ya wahandisi vijana, maafisa wa mipango miji na mameneja wa hosteli, shule na hospitali. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa. Hesabu zake zimeandikwa kwa maneno.

Waheshimiwa wageni, walimu wetu, wahandisi wenzangu, ndugu zangu wanafunzi, hamjambo?

Mada ya leo ni modeli, yaani hesabu za kompyuta, za mifumo endelevu ya joto kwa mitaa ya mjini. Najua wapo humu ndani wanaojiuliza: joto la nini tena Kampala? Hapa watu wanatafuta feni. Swali hilo ni zuri, tena ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu utafiti mwingi wa uzamivu juu ya jambo hili umefanyika Ulaya, na ukiichukua modeli ya Ulaya ukaileta hapa kama ilivyo, itakudanganya.

Itakudanganya vipi? Modeli nyingi za kule hukadiria mahitaji ya joto kwa kuangalia baridi ya nje. Kila siku ambayo wastani wa hewa uko chini ya nyuzi 17 hivi, upungufu huo unahesabiwa, na jumla ya mwaka mzima ndiyo inayosema nyumba zitahitaji joto kiasi gani. Kampala wastani wetu ni nyuzi 22 hivi, Januari hadi Desemba. Jumla ni sifuri. Kompyuta itakujibu kwamba jiji hili halihitaji joto hata kilowati-saa moja. Lakini ingieni jikoni kwa shule ya bweni saa kumi alfajiri, mwone kuni zinavyoteketea chini ya sufuria za uji. Ingieni dobi ya hospitali. Ingieni hosteli yoyote ya wanafunzi kuanzia saa kumi na moja na nusu. Joto linahitajika, na linahitajika kila siku ya mwaka. Hata Kabale, ambako usiku hewa hushuka hadi nyuzi 10 hivi, watu wanaomba blanketi na maji ya moto. Mabomba ya kupasha sebule hawayaombi.

Kwa hiyo swali la kwanza si joto litoke wapi. Swali la kwanza ni: nani analihitaji, saa ngapi, kwa nyuzi ngapi? Narudia, kwa sababu miradi mingi huanza upande wa pili, kwa kununua mtambo. Nani? Saa ngapi? Nyuzi ngapi?

Kuna nchi iliyojifunza kuuliza hivyo ikiwa mashakani. Mwaka 1973, mafuta yalipoadimika duniani, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kuagiza kwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake. Wangeweza kukimbilia kujenga mitambo popote. Badala yake, sheria yao ya ugavi wa joto ya mwaka 1979 iliziagiza manispaa zianze kwa kuhesabu: majengo yanatumia joto kiasi gani, yanalipata kwa njia gani, yako wapi. Baada ya ramani hiyo ndipo mitaa ilipogawanywa, huu upate bomba la maji moto la pamoja, ule upate gesi. Leo karibu theluthi mbili ya kaya za Denmark zinapata joto kwa bomba la pamoja. Kabla ya mfereji kuchimbwa ilikuwepo orodha.

Orodha yetu itakuwa tofauti na yao, na hapa naomba tuanze na nyuzi.

Mwaka 1877, katika mji wa Lockport, jimbo la New York, mhandisi Birdsill Holly alizika mabomba ya mvuke chini ya barabara na kuwauzia majirani joto kutoka boila moja. Ilikuwa kazi kubwa, na miji mingi ikamwiga. Lakini mvuke una moto mkali, hupoteza joto njiani, na bomba likipasuka linaua. Kizazi cha pili cha mifumo hiyo kikatumia maji yenye shinikizo, zaidi ya nyuzi 100. Cha tatu kikashuka chini ya 100, kwa mabomba yanayotoka kiwandani yakiwa tayari yamefunikwa tabaka la kuhami. Cha nne, kinachojengwa siku hizi, kinapeleka maji ya nyuzi 50 hadi 60. Safari yote ya karne na nusu ni ya kushusha nyuzi. Sisi ambao hatujafukia chochote tuna bahati: hatulazimiki kuanzia kwenye mvuke.

Je, nyuzi 60 zinatosha? Kwa kuoga, zinatosha na kubaki. Kwa dobi la kawaida, zinatosha. Kwa kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji, hapana: kule mashine inataka mvuke wa nyuzi 121 au 134, na mashine hiyo ibaki na kichemshio chake yenyewe. Usiwashe boila ya mtaa mzima kwa nyuzi 140 kwa sababu ya chumba kimoja. Kosa hilo ni la kawaida sana: mteja mmoja mwenye nyuzi za juu anaupandisha mfumo wote, na kila mita ya bomba inalipia.

Na jiko je? Kwenye mwinuko wa Kampala, mita 1,200 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Bomba la nyuzi 60 haliwezi kusonga posho. Lakini fanyeni hesabu hii. Maji ya bombani yana nyuzi 22. Kuyafikisha 96 ni hatua ya nyuzi 74. Bomba la mtaa likiyafikisha 60, limeshafanya nyuzi 38 kati ya hizo 74, zaidi ya nusu. Mpishi anayejaza sufuria kwa maji ya nyuzi 60 anaanza katikati ya safari. Kuni za kuendelea kupika baada ya kuchemka zinabaki palepale, tusidanganyane, ila kuni za kufikia mchemko zinapungua kwa nusu. Hakuna jiko jipya, hakuna sufuria mpya. Ni bomba moja la ziada juu ya sinki.

Chini ya 60, hata hivyo, msishuke ovyo. Julai 1976 maveterani wa Marekani walikutana hotelini Philadelphia. Siku chache baadaye wengi wakaanza kuugua mapafu, na 29 kati yao wakafariki. Ilichukua hadi mwanzoni mwa 1977 kumpata bakteria aliyesababisha, Lejionela, na chanzo kikahusishwa na maji ya mfumo wa kupoza hewa wa hoteli. Bakteria huyu hustawi kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 25 hadi 45, na mtu huambukizwa kwa kuvuta matone madogo yanayoelea hewani, kama yale ya bafu ya manyunyu. Kwa hiyo tangi lihifadhiwe nyuzi 60, maji yanayozunguka yasishuke chini ya 50, na kipande chochote cha bomba kisichotumika kikatwe, kisizibwe tu kwa kifuniko. Halafu, kwa sababu maji ya 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache, kila wodi na kila bafu la watoto liwekewe valvu ya kuchanganya iliyofungwa kwenye nyuzi 43 au chini yake. Anayeshusha tangi hadi 45 ili kuokoa umeme anawaandalia wagonjwa ugonjwa mwingine.

Sasa twende kwenye saa. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo modeli nyingi zinapoanguka.

Chukueni hosteli ya wanafunzi 400. Kila mmoja anaoga ndoo moja ya lita 20 yenye nyuzi 40. Jumla ni lita 8,000. Kupasha lita moja kwa nyuzi moja kunataka wati-saa 1.163. Kutoka 22 hadi 40 ni nyuzi 18. Zidisheni: kilowati-saa 167 kwa siku. Mkiigawa kwa saa 24 mnapata kilowati 7. Kilowati 7! Mtu akiona hiyo atasema ni jambo dogo, atanunua kichemshio kidogo, na asubuhi ya kwanza wanafunzi watamwandama. Kwa nini? Kwa sababu hawaogi saa 24. Wanaoga kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja asubuhi. Ni muda wa saa moja na nusu tu. Ndani ya muda huo mahitaji ni kilowati 112, mara kumi na sita ya wastani.

Vitabu vya Ulaya vina majedwali yanayosema kadiri nyumba zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa wote kufungua bomba kwa pamoja unavyopungua. Ni kweli kwa maghorofa ya familia: huyu anaoga alfajiri, yule usiku. Si kweli kwa bweni lenye kengele moja. Bwenini kengele ndiyo inayoamua, na wote wanafungua kwa pamoja. Ukitumia jedwali la Copenhagen kwenye bweni la Masaka, utapunguza kipimo cha bomba pale pale ambapo hakipaswi kupunguzwa.

Dawa ya kilele ni tangi. Maji ya nyuzi 60 yakichanganywa na ya 22 ili kupata 40, unahitaji lita 3,800 hivi za moto kwa zile lita 8,000. Sehemu ya chini ya tangi huwa ya baridi daima, kwa hiyo nunua la lita 5,000. Liwe refu, lisiwe pana, ili maji ya moto yakae juu na ya baridi chini bila kuvurugana. Maji baridi yaingie chini kabisa kupitia bamba lenye matundu linalovunja kasi yake. Maji yanayorudi kutoka kwenye mzunguko yaingie katikati, yasiingie juu. Weka vihisio vinne kwa urefu wake, kwa sababu kihisio kimoja cha juu kitakuambia tangi limejaa hata likiwa limebakiza lita 500. Na msisahau kwamba maji hutanuka: lita 5,000 zikitoka nyuzi 22 hadi 60 zinaongezeka kwa lita 75 hivi. Kama hakuna tangi dogo la kupokea mtanuko huo, valvu ya usalama itakuwa inatema maji kila siku, na fundi ataiziba. Akishaiziba, hosteli ina bomu kwenye paa.

Tangi hilo linajazwa na nini? Pampu-joto, yaani mashine inayochota joto hewani kama jokofu lililogeuzwa, ya kilowati 10 za joto ikifanya kazi saa 17 inatosha. Ikiwa inatoa vipimo vitatu vya joto kwa kipimo kimoja cha umeme, inavuta umeme wa kilowati 3.3. Linganisheni: vichemshio vya papo kwa papo vingevuta kilowati 112 alfajiri, kwenye transfoma ileile inayohudumia majirani. Au tumieni jua. Kampala mita moja ya mraba hupata takriban kilowati-saa 5 kwa siku. Paneli nzuri za maji zikibakiza asilimia 45, mnahitaji mita za mraba 74, na ukiweka upotevu, 85. Paa la hosteli linazo. Siku za mawingu mazito hitaji linabaki, kwa hiyo jua na pampu-joto viende pamoja.

Kule Marstal, kisiwa cha Ærø, Denmark, wamejenga paneli za jua zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 33,000, na shimo la maji la mita za ujazo 75,000, ili joto la kiangazi lisubiri majira ya baridi. Kazi ile inastahili heshima. Lakini sisi tunakaa kwenye ikweta. Joto letu halihitaji kusubiri miezi sita. Linahitaji kusubiri kutoka saa kumi jioni hadi alfajiri. Ghala letu ni la usiku mmoja. Hii ndiyo faida kubwa tuliyo nayo kuliko wao wote, na modeli isiyoionyesha haijatufaa.

Kabla sijaondoka kwenye saa, tahadhari moja kwa watafiti. Mnapopima matumizi, umeme utakatika. Kipima data kitaandika sifuri. Mkiiacha sifuri hiyo, modeli itajifunza kwamba Jumanne watu wa hosteli hawakuoga, na itapunguza hitaji. Tenganisheni sifuri ya kukosa umeme na sifuri ya kukosa mtumiaji: wekeni kipima data chenye betri, kirekodi na volti. Andikeni pia kalenda ya mihula. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa likizo hakisemi lolote kuhusu wiki ya mitihani.

Ndugu zangu, jambo la tatu ni mita, urefu wa bomba.

Tuseme chanzo cha joto kiko mita 300 kutoka hosteli ile. Mabomba mawili, la kwenda nyuzi 60 na la kurudi 50, yenye kipenyo cha milimita 50 hivi na tabaka zuri la kuhami, yakipoteza wati 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi ya tofauti. Udongo una nyuzi 22. La kwenda linapoteza wati 7.6 kwa mita, la kurudi 5.6. Jumla kwa mita 300 ni karibu kilowati 4, usiku na mchana. Kwa siku, kilowati-saa 95. Hosteli yenyewe inahitaji 167! Yaani zaidi ya theluthi moja ya joto lote unalozalisha linapasha minyoo.

Mnafanya nini? Njia ya kwanza ni kutafuta jirani. Bomba lilelile likipita kwenye dobi na jiko la hospitali, na mauzo yakapanda hadi kilowati-saa 1,500 kwa siku, kilowati-saa 95 zinakuwa asilimia 6 ya uzalishaji. Bomba halikubadilika, waliobadilika ni wateja. Njia ya pili ni kulitumia kwa vipindi: unapeleka maji kwa muda wa saa tatu tu kila siku kujaza tangi la hosteli, kisha unafunga. Maji yaliyobaki bombani yatapoa, takriban lita 600 kwenye kila bomba, lakini upotevu wote unabaki chini ya kilowati-saa 60. Njia ya tatu, na wahandisi hatupendi kuisema, ni kutojenga bomba kabisa, na kuweka mtambo juu ya paa la hosteli. Modeli nzuri ni ile inayoruhusiwa kutoa jibu hilo.

Wanawake wa Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wametengeneza chumvi kwa karne nyingi karibu na chemchemi za maji moto. Walijenga kazi pale chemchemi ilipo. Kila mara mtu akisema jotoardhi la magharibi lipashe maji Kampala, nakumbuka hesabu ya mita. Joto husafiri vibaya. Umeme husafiri. Joto la Kibiro likaushe samaki wa Kibiro.

Kuhusu hesabu za mabomba yenyewe nitapita haraka. Mwaka 1936 Hardy Cross wa Chuo Kikuu cha Illinois alichapisha njia ya kuzikokotoa kwa mkono: kila kiungo, maji yanayoingia yalingane na yanayotoka, kila mzunguko, jumla ya upotevu wa shinikizo iwe sifuri, kisia, sahihisha, rudia. Programu za leo, kama pandapipes, zinafuata sheria hizo hizo. Kitu kimoja tu msisahau: joto linafuata maji, na maji yana mwendo. Mita 600 kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde ni dakika 20. Modeli inayopiga hesabu kwa saa nzima haitauona ucheleweshaji huo. Tumieni hatua za dakika 5, au 15.

Na sasa, chanzo. Mmeona nimekiacha nyuma makusudi. Ulaya wanachota joto kwenye maji taka kwa sababu yana uvuguvugu wakati hewa ya nje inaganda. Hapa hewa yenyewe ni nyuzi 22. Mtambo wa maji taka wa Bugolobi hauna faida hiyo kubwa kwetu, na anayenakili wazo hilo ajiulize mara mbili. Sisi tuna chanzo kingine: kila mahali tunapopoza kitu, tunatupa joto nje.

Angalieni vituo vya kukusanyia maziwa huko Mbarara na Kiruhura. Maziwa ya ng'ombe yanaingia na nyuzi 35, yanapozwa hadi 4. Kwa lita 1,000 ni kilowati-saa 35 za kuondoa. Kompresa inaongeza umeme wake, 12 hivi, na kilowati-saa 47 zinapulizwa nje nyuma ya mashine. Mita chache kutoka hapo, mtu anachemsha maji kwa kuni ili kuosha mikebe na tangi. Mkinasa theluthi moja tu ya joto hilo, mnapata lita 400 za maji ya nyuzi 55. Hospitali ina vyumba vya dawa na chumba cha maiti vinavyopozwa usiku na mchana. Duka kubwa lina majokofu. Kiwanda cha sukari cha Kakira kinachoma makapi ya miwa kuzalisha mvuke na umeme. Orodhesheni vyote hivyo, kila kimoja kwa nyuzi zake na saa zake, kwenye ramani ileile ya wateja.

Modeli ikishajengwa, muiamini lini? Pimeni wiki nne, mfano; tumieni mbili kuirekebisha, mbili mzifiche isizione. Kisha linganisheni. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa kupasha na kupoza majengo, ulioandikwa kwa ajili ya majengo, unakubali kwa data ya kila saa upendeleo, yaani kukosea kwa jumla upande mmoja, usiozidi asilimia 10, na mtawanyiko wa makosa ya saa moja moja usiozidi 30. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikishindwa, angalieni vihisio kwanza: kihisio kilichofungwa juu ya bomba bila kufunikwa husoma hewa, na mita ya mtiririko iliyowekwa karibu sana na kona husoma uongo.

La mwisho ni maji yanayorudi, kwa sababu hapo ndipo mfumo uliojengwa vizuri huharibikia baada ya miaka mitatu. Kilowati 500 za joto zikibebwa kwa tofauti ya nyuzi 30 zinataka kilo 4 za maji kwa sekunde. Mteja mmoja akiacha valvu wazi, tofauti ikashuka hadi 15, zinatakiwa kilo 8. Upotevu wa shinikizo unakuwa mara nne, nguvu ya pampu mara nane. Wa mwisho kwenye bomba anakosa maji moto, anapiga simu, na msimamizi anapandisha nyuzi za chanzo, jambo linalozidisha hasara. Makampuni mengi ya Denmark yanamtoza zaidi mteja anayerudisha maji ya moto na kumpunguzia anayerudisha ya baridi. Mkataba wa kwanza wa joto mtakaoandika, iwe ni Kampala au Mbarara, uwe na kifungu hicho, na mita ya kila mteja iwe na vihisio viwili, cha kuingia na cha kurudi. Bila cha pili hamtajua nani ameacha valvu wazi.

Sasa nayapokea maswali yenu.